Tundu la Mtoto wa Kwanza

Mama yangu alianguka Alhamisi moja akifukuza mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakuwa wetu, alikuwa wa jirani, na alikuwa amejikaribisha kwenye kakao iliyoanikwa uani kwa dada yangu mdogo, kule Beni. Mama alitoka mbio na ufagio mkononi, akasahau kwamba pale mlangoni kuna ngazi mbili, akazikumbuka akiwa ameshazipita zote mbili kwa mpigo. Mbuzi alikwenda zake akitafuna. Mama alibaki chini ameshika nyonga ya kushoto, akicheka, maana yeye hucheka kwanza, kisha ndipo anauliza kama kuna kitu kimevunjika.

Mimi nilikuwa kazini, Butembo. Kazi yangu ni kutunza mashine za hospitali moja ya huku: kompyuta za ofisi, printa zinazokataa karatasi, na hasa serveur, ile mashine kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba cha baridi na kuhifadhi picha zote za mifupa na vifua vya watu. Watu wa hospitali wananiita "Ingénieur", yaani injinia. Hapo mwanzo walikuwa wakilitamka huku wanatabasamu, kwa sababu mimi ni mwanamke, tena mfupi, na nikisimama nyuma ya ile mashine sionekani. Siku hizi wananiita bila tabasamu, hasa printa ikikwama siku ya mishahara.

Lazima nieleze jinsi picha zinavyosafiri, vinginevyo hutaelewa nilivyomkosea mama yangu. Kule Beni kuna kliniki ndogo yenye mashine ya eksirei lakini haina daktari wa kusoma picha. Daktari wa picha yuko kwetu Butembo, naye ni mmoja tu. Basi kliniki hupiga picha na kuituma kwa antena hadi kwenye serveur yangu, daktari anaifungua chumbani kwake, na baada ya muda mfupi jibu linarudi Beni. Bila hivyo mgonjwa analazwa kwenye gari na kuletwa Butembo. Barabara ile ninaipenda nikiwa mzima, nimekaa mbele, nanunua mahindi ya kuchoma dirishani. Ila sikutaka mama yangu aipite amelazwa na nyonga ambayo huenda imevunjika, akihesabu mashimo.

Ijumaa asubuhi kliniki ilimpiga picha. Mwuguzi wa kule aliituma, ikafika nusu, ikakatika. Akaituma tena, ikakatika palepale. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha daktari, na tuliona kiuno cha mama yangu kikishuka kwenye skrini polepole, mstari kwa mstari, mpaka karibu na mahali tulipotaka kuona. Kisha ikasimama.

"Ingénieur," daktari alisema bila kugeuka, "hapa niko naona mama mumoja ya muzima kabisa, lakini anaishia mu kiuno."

Nilimwambia mwuguzi aipige skrini picha kwa simu na kuituma hivyo. Daktari alikataa hata kabla haijafika. Alisema mfupa wa nyonga unaweza kupasuka mpasuko mwembamba kama unywele, na picha ya simu itaumeza. Yeye hawezi kumwambia mama wa mtu asimame kwa kutazama picha ya picha. Halafu akaniambia jambo nililokuwa nalijua na nililokuwa nimelisahau kwa makusudi: kesho Jumamosi anasafiri, ndege ndogo kutoka uwanja wa Rughenda, mafunzo ya wiki mbili. Saa tano kamili angetoka hospitalini.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Picha ikifika nzima kabla ya saa tano ya Jumamosi, mama atajua kama anaruhusiwa kusimama. Isipofika, atalala chali wiki mbili au atabebwa barabarani kutafuta daktari mwingine, mbali zaidi. Niliogopa. Nikampigia simu nikijifanya siogopi, na yeye akasema alikuwa anakula avoka na kwamba kitanda cha kliniki ni kizuri kuliko chake, kasoro tu kwamba wamemkataza kushuka.

Ugonjwa wa picha kukatika nilikuwa ninaujua. Serveur inaongea na dunia kupitia kadi ya réseau, yaani ya mtandao, kipande chenye matundu manne nyuma ya mashine ambamo tunachomeka kebo. Na ili mashine iielewe kadi hiyo, inahitaji programu ndogo tunayoiita pilote, kama rubani wa ndege kwa Kifaransa. Pilote yangu ilikuwa nzee. Picha nyepesi ilizipitisha, picha nzito ziliikata pumzi katikati ya njia, na waliotengeneza kadi walikuwa wameandika wazi kwenye ukurasa wao kwamba tatizo hilo lipo na kwamba pilote mpya inaliondoa. Nilikuwa nimeliahirisha jambo hilo miezi. Nani anapenda kugusa kitu kinachotembea, hata kama kinachechemea? Lakini sasa kilichochechemea kilikuwa kiuno cha mama.

Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Aliyenifundisha ni mzee mmoja aliyeitunza serveur ile kabla yangu, mzee wa kanisa, mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alipostaafu alirudi Kalunguta kulima migomba na kahawa. Kanuni yake kubwa aliirudia mpaka nikaiota: "Kamata kwanza mupya mu mukono, njo uachilie ya zamani." Maana internet yenyewe ya hospitali inapita ndani ya ile serveur. Ukiondoa pilote ya zamani kabla hujapata mpya, umefunga mlango na ufunguo umebaki ndani. Nikapakua mpya kwanza, nikaiweka kwenye clé USB, ile flashi ndogo, nikaikagua, nikaivaa shingoni na kamba yake. Saa tisa alasiri, wodi zilipotulia, nikaondoa ya zamani na kuweka mpya. Kisha, kwa sababu mimi napenda usafi, nikalifuta na faili la ile ya zamani, lisije likaleta mchanganyiko.

Nikaiwasha mashine upya. Iliamka vizuri, feni zikavuma, taa zikawaka. Wodi hazikuipata. Daktari hakuipata. Beni hawakuipata. Nilikuwa nimechukua njia iliyochechemea nikaifanya isiwepo kabisa.

Nilihangaika nayo hadi saa kumi na mbili, wakati ambao jenereta huachwa kwa ajili ya wodi na chumba cha upasuaji peke yake. Nikaenda nyumbani Vulamba. Sikula. Mume wangu aliniuliza kama mashine imekufa, nikamjibu kwamba mashine iko hai kuliko mimi, akaelewa.

Jumamosi niliamka na mpango. Ningefika saa moja, ningekuwa na saa nne nzima. Mpango huo ulisahau kwamba Jumamosi ni salongo. Kwetu, asubuhi ya salongo maduka yanafungwa, motari wa pikipiki hawapakii abiria, na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe kwa ajili ya kazi ya mtaa. Kwa hiyo hata wazo la kumtuma mtu wa pikipiki kutoka Beni na picha kwenye clé lilikuwa limekufa: usiku barabara ile haipitwi, na asubuhi asingeruhusiwa kuondoka kabla ya saa nne, na kwa saa moja hiyo asingefika. Mimi mwenyewe sikufika hata mwisho wa barabara yetu. Nyumbakumi wetu, mkubwa wa nyumba kumi za mtaa, alikuwa amesimama kwenye mfereji ulioziba, suruali imekunjwa magotini. Nikamwonyesha badge ya hospitali.

"Badge hailime, mama," alisema kwa upole. "Kamata jembe, kidogo tu."

Ningeweza kumweleza habari za mama yangu, na angeniachia mara moja. Lakini nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira sielezi, nafanya. Nikachimba ule mfereji kama mtu anayetafuta kitu alichokizika. Majirani wakanipisha. Baada ya nusu saa maji yalianza kutembea, nyumbakumi akasema sasa inatosha, niwaachie na wengine nao waonekane. Nilifika hospitalini saa mbili kasoro robo, viatu vyote matope, na nikiwa nimetulia kuliko nilivyotoka nyumbani. Hilo ni lazima nilikiri.

Mashine ilinionyesha matundu manne ya kadi. Zamani ilikuwa inanionyesha matatu. La kwanza, upande wa kushoto kabisa, lilipigwa na radi miaka mingi kabla sijaajiriwa, likafa, na mashine ikaacha kulitaja. Kazi yote ilifanywa na matatu yaliyobaki: moja la wodi, moja la Beni, moja la daktari. Nami niliyaita namba 1, namba 2 na namba 3.

Sasa pilote mpya ikaonyesha manne. Nikafikiri la nne ni kitu cha ziada, kivuli kilicholetwa na programu, kwa sababu kitu cha ziada huja mwisho. Nikaachana nalo. Namba 1 ilikuwa haina uhai, basi nikasema kebo ya wodi imekufa, nikaibadilisha. Nikaibadilisha tena. Nikapanda ngazi nikakagua kisanduku cha ukutani. Nikarudi. Namba 2 ilikuwa na uhai lakini ikiongea na watu isiowajua, namba 3 vilevile. Nikataka kuirudisha pilote ya zamani hata kwa nusu saa, nikakumbuka usafi wangu wa jana.

Saa nne kasoro robo daktari alipita na begi lake, akaliweka mlangoni mwa chumba changu ili nilione.

"Sikusukume," alisema. "Niko naliweka tu hapa."

Saa nne na nusu nilimpigia mwuguzi wa Beni ajiandae, ingawa sikujua ajiandae kwa lipi. Aliiweka simu juu ya meza ya kitanda, sauti wazi, akaendelea na kazi yake nyingine, ya kujaza fiche, fomu ya mgonjwa, ya mama ambayo haikujazwa Alhamisi kwa sababu ya vicheko. Nikawa nasikia huku mikono yangu iko nyuma ya mashine. Umri. Kanisa. Kazi: mulimaji. Mzio: hapana, isipokuwa mbuzi.

"Batoto?" mwuguzi aliuliza.

"Sita," mama alisema.

Sisi tuko watano. Niliropoka kutoka chini ya meza, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu anayesahihisha fomu: "Tano, mama. Andika tano."

Nikasikia mwuguzi akiikata namba kwa kalamu.

"Sita," mama alisema tena, na hakuwa anacheka. "Ule wa kwanza alikufa, lakini alizaliwa. Miye njo nilimuzala. We jina yako inasema uko binti wa pili. Wa pili nyuma ya nani?"

Hapa nieleze kitu ambacho kwetu hakielezwi, kwa sababu hata mtoto anakijua. Sisi tunapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo kwa upande wao. Sitayaandika majina yenyewe hapa, maana nikiyaandika nusu ya wanawake wa soko kuu watageuka kuitika. Na zamu hiyo haisogei. Wa kwanza akifa, hata akifa siku ya nane, wa pili hapandi. Anabaki wa pili maisha yake yote. Kila anayesikia jina langu anajua papo hapo kwamba mbele yangu kuna dada, awe anamwona au hamwoni. Huyo wangu sikumkuta. Alikaa duniani majuma matatu.

Na yule mzee wa Kalunguta, ambaye Mungu alimpa mabinti wanne na hakumpa mvulana, alikuwa ameyapa matundu manne ya kadi majina ya mabinti kwa zamu. Nilipoichukua kazi niliyakuta, karatasi nne ndogo zilizoandikwa kwa mkono wake wa kanisani: la kushoto kabisa, jina la binti wa kwanza, ambalo hapa nitaliita Wa Kwanza, lililokuwa limezibwa kwa utepe mweusi, halafu Wa Pili, Wa Tatu, Wa Nne. Niliona aibu. Nilifikiri siku moja atakuja mtaalamu kutoka Goma atucheke. Nikazibandua zote, nikachapisha alama mpya za mashine, 1, 2, 3, na kuzibandika kwenye matundu yaliyo hai. Lile lililokufa sikuliandika kitu. Yaani nilimpandisha Wa Pili akawa wa kwanza, mimi, mtu wa pili, mtu ambaye jina lake lote ni ushahidi kwamba jambo hilo halifanyiki.

Nilibaki pale chini ya meza nimeshika kebo. Pilote mpya haikuwa imeongeza tundu la ziada mwishoni. Ilikuwa inahesabu kama mama yangu. Ilimhesabu na yule asiye na uhai, na ilimhesabu mahali pake, mbele. Namba 1 ilikuwa ni lile tundu lililouawa na radi. Wodi walikuwa namba 2, Beni namba 3, daktari namba 4, na mimi tangu jana nilikuwa nawatumia wote barua za jirani zao.

"Mama," nilisema, "umesema kweli. Sita."

"Najua," alisema. "Andika, mwanangu." Hayo alikuwa anamwambia mwuguzi.

Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika kumi. Unaanza na wa mwisho, kama unavyowasogeza watoto kitandani kuanzia wa ukutani: kazi ya 3 nikampa 4, ya 2 nikampa 3, ya 1 nikampa 2, na namba 1 nikamwacha apumzike. Chumba cha daktari kikaitika. Wodi zikaitika, na mara nikasikia korido nzima mlio wa printa zilizokuwa zimekaa na karatasi za tangu jana, zote zikianza kutapika kwa pamoja. Halafu Beni ikaitika. Nikamwambia mwuguzi atume.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Daktari alikuwa ameshavaa koti la safari na motari alikuwa amewasha injini uani. Aliketi na koti lake. Nami nilisimama tena nyuma ya kiti chake na matope yangu, tukakiona kiuno cha mama yangu kikishuka, mstari kwa mstari. Kikafika pale kiliposimama jana. Nilifumba macho. Nilipofumbua kilikuwa kimepita, kikashuka mpaka mapajani bila kusita hata kidogo, na mfupa wote ulikuwa mbele yetu, mweupe.

Daktari aliukuza. Akausogeza huku, akausogeza kule. Motari alipiga honi uani, daktari akainua kidole kimoja bila kutazama dirishani, na honi ikakoma ingawa motari hakuweza kukiona kidole.

"Bon," alisema. "Hapana mupasuko. Mufupa iko nzima. Nyama njo iliumia. Asimame leo, na fimbo, polepole. Na mbuzi aache."

Alisema hivyo akiwa tayari anatembea, akachukua begi mlangoni pangu, na nikamsikia akimwambia motari aende haraka lakini asimuue. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia kidogo, kilio cha furaha na cha njaa, maana sikuwa nimekula tangu Ijumaa mchana. Kisha nikampigia mama.

"Nasikia pilote yako ilikuwa inakataa kuruka," alisema. Mwuguzi alikuwa amemwambia kila kitu kwa namna yake.

"Imeruka, mama. Docteur anasema usimame."

"Nilisimama kitambo," mama alisema. "Vile ulisema sita. Nilijua sasa uko na akili, itatengenezeka."

Mwuguzi aliapa nyuma yake kwamba si kweli, kwamba alikuwa amekaa tu, miguu inaning'inia. Mpaka leo kila mmoja ana ushahidi wake.

Jumatatu nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilifungua daftari la mzee, ambalo nilikuwa nimelitumia kuegeshea dirisha, na nikakuta ndani ya jalada zile karatasi nne nilizozibandua, nilizokuwa nimezigandisha humo ili nisionekane mwizi. Kando ya kila jina mzee alikuwa ameandika namba ndefu ya tundu, ile ambayo kila tundu hupewa kiwandani na haibadiliki hata mashine ihesabu vipi. Yeye alikuwa ameifunga kila kazi kwenye namba hiyo ya kuzaliwa. Mimi ndiye niliyekuja na kuzifunga kwenye foleni, anayeonekana kwanza ni 1, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusomeka. Nikarudisha mpango wake wote. Nikarudisha na majina, kwa gundi mpya, pamoja na la Wa Kwanza juu ya utepe wake mweusi. Nikapiga picha kwa simu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, nilipanda gari kwenda Beni, kiti cha mbele. Pale Kalunguta dereva alisimama kupakia ndizi, na nani kama si mzee wangu aliyekuwa anazipakia, kalamu tatu mfukoni hata shambani. Nilimwambia yote kupitia dirishani. Hakucheka wala hakushangaa.

"Kila mutu anatoaka zile étiquettes za majina," alisema. "Nilikuwa najiuliza tu utazirudisha mwaka gani." Akanipa mkungu mdogo nimpelekee mama, na kuondoka kwenda kubishana na dereva kuhusu mahali pa kuweka mingine.

Nilimkuta mama uani, ameketi, fimbo imeegemea kiti, akilinda kakao. Mbuzi alikuwa amefungwa kwa jirani na walikuwa wanatazamana. Dada yangu mdogo alikuwa jikoni. Mama aliniuliza hasa mashine ilikuwa na nini, kwa sababu maelezo ya mwuguzi hakuyaamini yote. Nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza, kwamba kulikuwa na matundu manne, na la kwanza lilikufa zamani, na mimi nikalifuta jina na kuanza kuhesabu kwa la pili, na mashine ikagoma.

"Ikagoma mpaka umuhesabu," mama alisema.

"Ndiyo."

"Ule mwenye kufa."

"Ndiyo, mama."

Nikampa simu aone picha. Alivaa miwani yake ya Biblia. Aliiangalia kadi, taa tatu za kijani na tundu moja lenye utepe mweusi, na juu ya utepe ile karatasi yenye mwandiko wa mzee. Alilisoma lile jina kwa kidole kwanza, bila sauti. Ni jina analolitamka kila siku. Majirani watatu wanalo, na mjukuu wake mmoja, na mama muuza chumvi. Lakini aliposema safari hii alilisema polepole, akiinua kichwa kidogo kuelekea mlangoni, kama unavyomwita mtoto wako aliye ndani ya nyumba. Katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia akimwita.

Kisha akanirudishia simu, akaniambia "wasingya", ambalo kwetu ni asante na ambalo mama hawaambii watoto wake kwa urahisi. Dada yangu alitoka na fufu na sombe, ugali wa muhogo na majani yake. Mama alimwambia aweke sahani chini vizuri, na mimi niende kunawa mikono kabla havijapoa.